Nyumba Yapakwa Rangi Nami Ningali Hai

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimetoka kutolewa damu, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimekwisha kufa. Bado. Hata mimi najiuliza swali hilo kila nikiamka.

Kwa aliyenikuta njiani leo: naitwa Ama Dufie, wa Nkwantanan, nje kidogo ya Kumasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye kile chumba cha matangazo karibu na soko, chenye vipaza sauti juu ya nguzo. Nilitangaza mbuzi waliopotea, chanjo za watoto, mikutano ya kanisa, na zaidi ya yote misiba. Hakufa mtu Nkwantanan bila mimi kumtangaza alfajiri.

Kisha shingo yangu ikavimba. Mchungaji akasema ni nyoka aliyetumwa na shangazi yangu. Shangazi akasema ni laana ya mchungaji. Daktari Tetteh akasema ni tezi, akakata nusu. Nusu nyingine akaiacha ndani pamoja na sauti hii niliyonayo sasa, ambayo ni sauti ya mlango wa choo cha shule.

Kile kinyama kilipopimwa kikakutwa na saratani. Likabaki swali moja tu: je, nusu iliyobaki ni nzima, au ugonjwa ulishahamia humo na kwingineko? Nikatolewa damu, nikapigwa picha, vikapelekwa Accra, nikaambiwa nisubiri.

Basi nasubiri. Msione nacheka nikisimulia. Nina binti mmoja, Pinamang, yuko bweni anafanya mitihani ya mwisho, na sijui nimwambie nini. Nimwambie mama yako mzima, soma? Au nimwambie rudi mwanangu tuonane? Hilo tu ndilo nililotaka kujua, na hilo ndilo nililonyimwa.

Maana kwetu majibu ya mgonjwa hapewi mgonjwa. Anapewa mwenye mgonjwa. Na sisi Waashanti mwenye mtu ni mjomba, kaka wa mama, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama hata baba yake awe nani. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na hata angekuwepo angeambiwa akae pembeni. Aliyetia saini nikatwe ni Mjomba Bonsra, mkuu wa ukoo wetu. Anayekwenda Kumasi kuulizia majibu ni Mjomba Bonsra. Kila akirudi namuuliza, na kila nikimuuliza ananiambia Accra ni mbali.

"Mjomba, hayo majibu yanaletwa kwa miguu?"

"Kula supu yako, Ama."

Nikala supu. Hapo ndipo mafundi rangi walipokuja.

Nyumba yetu ya ukoo haikuwa imeona rangi tangu mazishi ya mama yangu. Mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Sasa asubihi hiyo wanaume wawili wameshika ngazi, mmoja anakwangua ukuta, mwingine anakoroga rangi ya maziwa. Nyuma yao gari limeshusha mabati mapya, ya buluu, yanang'aa mpaka jirani katoka kutazama.

Mkae mjue, kwetu nyumba haipakwi rangi kwa harusi, wala kwa mtoto aliyefaulu. Inapakwa kwa mazishi, kwa sababu wageni watatoka mbali na hawatakiwi kuona jinsi mlivyokuwa mkiishi na marehemu. Miaka yote ile kwenye kipaza sauti niliijua ile ratiba kuliko Sala ya Bwana. Kwanza rangi, halafu paa, halafu turubai, halafu picha ya kwenye tangazo. Maiti wakati huo yuko kwenye friji anawangoja wamalize.

Mimi nilikuwa kwenye kiti, natafuna karanga.

Nikamuuliza fundi kuna shughuli gani. Fundi akatazama ndoo yake, akasema yeye kaambiwa apake tu. Nikamuuliza ameambiwa amalize lini. Akasema mapema iwezekanavyo, halafu akaniamkia kwa heshima kubwa, kama mtu aliyesimama mbele ya jeneza.

Nikaingia ndani kwa mdogo wangu Birago. Birago hajui kusema uongo, tangu utotoni. Akidanganya anafagia. Nikamkuta anafagia.

"Rangi ya nini?"

"Ya Pasaka, dada."

"Pasaka ngapi zimepita humu ndani bila rangi?"

Akafagia palepale alipokuwa amefagia. Halafu akaniuliza, bila kuniangalia, "Dada, katika picha zako zote, wewe mwenyewe unaipenda ipi?"

"Ya nini?"

"Naulizia tu."

"Ile niliyofunga kilemba cha njano."

"Ile shingo inaonekana imevimba," akasema, halafu akajiziba mdomo.

Nikatazama ukutani. Picha zangu mbili hazikuwepo. Misumari ilikuwepo.

Sikulia. Uchungu ulionipanda haukuwa wa kulia. Niliukumbuka mwaka jana, nilipouita ukoo mzima uani na rovu langu hili, nikawaambia jamani daktari anataka kunikata, nisaidieni. Walinipa nini? Maombi. Binamu zangu wa Hamburg wakasema kwenye simu huko nako hali ngumu, baridi kali, tunakuombea. Niliuza cherehani yangu na friji yangu, nikakatwa. Sasa wale wale wa baridi kali wameleta mabati ya nyumba nzima.

Tuna msemo kwetu: ukoo humpenda maiti. Nimeusema mara nyingi nikicheka. Siku hiyo sikuuona una kichekesho chochote.

Kesho yake nikajifunga skafu shingoni, nikamwambia Birago naenda sokoni kununua mihogo, nikaenda Kumasi.

Kwenye benchi la kliniki ya tezi huhitaji kuuliza nani mgonjwa. Jua la kukausha samaki, na sisi tumejifunga skafu. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Ejura, goti moja bovu analisugua kwa mafuta ya shea. Alikuja peke yake kama mimi. Mjomba wake, alisema, haendi hospitali kwa sababu hospitali inanuka. Akanimegea ndizi ya kuchoma, akaniambia naye alikatwa nusu, naye anangoja majibu ya Accra, naye amechoka. Tukaonyeshana makovu kama wasichana wanaoonyeshana hereni. Lake lilikuwa zuri kuliko langu, nikaona wivu.

Nesi Lariba hakuwa zamu. Huyo ndiye aliyenisafisha kidonda tangu siku ya kwanza, namba yake ninayo kwenye simu, na sura yangu anaijua hata gizani. Aliyetoa kichwa mlangoni alikuwa nesi mgeni, ana haraka, anaita majina bila kutazama watu.

"Ama Dufie!"

Nikainuka. Na yule wa vitunguu akainuka.

Tukatazamana, tukacheka. Kwetu mwanamke aliyezaliwa Jumamosi ni Ama tu, hana ujanja, na akina Dufie nao ni wengi kama kuku. "Kumbe wewe ni mimi," akaniambia. Goti likamshika, akarudi kukaa. "Tangulia, mwenzangu. Mimi mpaka hili goti likubali."

Nikatangulia.

Daktari Tetteh alikuwa amesafiri. Kwenye kiti chake alikaa kijana mwenye macho ya usingizi. Akauliza, Ama Dufie? Nikasema ndiye. Akatazama kompyuta, akanipapasa kovu, akatazama tena kompyuta.

"Nusu iliyobaki ni safi, mama. Damu safi, picha safi. Tuonane mwakani."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akatabasamu, akarudia.

Halafu nikauliza lile la pili. Majibu haya yametoka lini? Akasema, aa, ya siku nyingi, yalitoka kabla hata Daktari Tetteh hajasafiri, na anavyomjua Tetteh lazima ndugu waliambiwa.

Ndugu waliambiwa.

Nilitoka mle ndani na vitu viwili mkononi, furaha na kisu. Mlangoni nilikutana na mwenzangu wa vitunguu, amesimama, goti limekubali. Akaniuliza kwa macho. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia safi. Akasema, "Mungu aliyekupa wewe na mimi anipe," akaingia. Sikumngoja. Ningemngoja, leo ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia.

Nikala kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachuka, na samaki wa kukaanga pale stendi, nikalia kwenye pilipili ili watu wadhani ni pilipili. Nikampigia Pinamang bweni, mlezi akamwita. "Soma," nikamwambia. "Mama yako mzima." Mtoto akapiga kelele mpaka nikasikia wenzake wanauliza kuna nini.

Lakini njia nzima ya kurudi furaha ilikuwa inapungua na kile kisu kinanolewa. Mjomba anajua. Siku zote hizi anajua kwamba mimi mzima. Ananitazama ninavyokonda kwa hofu, ananiambia Accra ni mbali, kumbe anajua. Kwa nini? Kwa sababu mabati yanaletwa kwa ajili ya anayekufa. Nikipona, mabati yanasimama. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda chumba cha matangazo.

Aliyerithi kiti changu anaitwa Nsiah, mtu mzima na kitambi chake, na kazi yake kubwa ni kusifu dawa ya mgongo. Nilimkuta yuko kwenye mgongo. Nikamwambia aondoke kwenye kipaza sauti. Akaniambia dada Ama, sauti yako hiyo itawatisha watoto. Nikamwambia ndiyo maana yake, inuka.

Nilikuwa sijakishika kile kipaza tangu nikatwe. Sauti ilipotoka ilikwaruza hadi soko likanyamaza.

"Tangazo la msiba," nikaanza, kama nilivyozoea. "Ukoo wa Bonsra wa Nkwantanan unasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walioko hapa na walioko Hamburg, kwamba Ama Dufie hajafa. Amepimwa, ni mzima. Mazishi yameahirishwa mpaka Mungu atakapopenda. Mafundi rangi wanawe mikono. Aliyechukua picha zangu ukutani azirudishe. Na Mjomba Bonsra, mkuu wa ukoo, ambaye majibu anayo na kayaficha kwa sababu anampenda maiti kuliko mtu, anaombwa atafute maiti mwingine."

Soko likalipuka. Wauza nyanya walipiga sufuria. Mwanamke mmoja alitandika khanga yake chini nipite juu yake. Nsiah alicheka hadi akakaa sakafuni, akasema tangazo hili atalirudia mpaka jua lizame, bila malipo.

Nanyi mjue nilichokifanya. Kwetu kumtukana mkuu wa ukoo mbele za watu ni kesi ya kutozwa kondoo na chupa ya pombe kali, na baada ya hapo bado watu watakunyooshea kidole mpaka wajukuu. Nilijua. Nikasema mwacheni achinjiwe kondoo, mimi nipo, nitamla naye.

Nilipofika nyumbani mafundi walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao, hawajui wapake au waache. Birago alikuwa anafagia uwanja huku analia. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake uani, kando ya mabati mapya. Alikuwa amevua ndala zake, ameziweka pembeni, miguu mitupu juu ya udongo. Mzee wa heshima kwetu havui ndala hivyo ila ameaibishwa au amefiwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana.

"Kaa," akasema.

"Nitasimama."

"Daktari gani kakwambia u mzima?"

"Aliyepo. Kijana."

"Si Tetteh."

"Tetteh kasafiri. Majibu ni majibu, Mjomba, hayabadiliki kwa anayeyasoma. Umeyaficha kwa ajili ya mabati."

Alizungumza polepole, na hakuwa ananiangalia.

"Tetteh alinishika mkono huu hapa. Akaniuliza, huyu mpwa wako si ndiye yule anayetangaza misiba? Nikasema ndiye. Akasema imeshaingia nusu ya pili, na imeshafika kwenye mapafu. Akasema mkifika naye Krismasi, mshukuruni Mungu."

"Uongo."

"Ama."

"Uongo. Unatetea paa lako."

"Hilo paa," akasema, "niliwaomba wale vijana wa Hamburg miaka mingi. Nilipowaambia unaumwa, walituma maombi, ulisikia mwenyewe. Nilipowaambia unakufa, wakatuma mabati. Sikuwaumba mimi, Ama. Nikaona basi, kama wanatoa kwa maiti tu, nichukue mapema, nipake mapema, uione. Mama yako alipakiwa rangi nyumba hii akiwa kwenye friji. Alikuwa anaipenda rangi ya maziwa. Hakuiona."

Nikakaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Birago akaacha kufagia.

"Ningekwambia," Mjomba akasema, "ungejitangaza."

Nje, juu ya nguzo, Nsiah alikuwa anarudia kwa mara nyingine, sauti yake nzuri ya mafuta, anawaambia waliochelewa kwamba Ama Dufie hajafa, mazishi yameahirishwa. Watoto walikuwa wameshaligeuza wimbo.

Nilimtazama yule mzee. Kisu changu sikukiona tena. Nilitaka kusema kijana ana kompyuta, kijana alinipapasa kovu, kijana amerudia mara tatu. Nikayasema yote. Yalitoka kwa ile sauti ya mlango, na kila nililosema nililisikia linakwaruza.

Mjomba alisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza mwanzo kabisa, nami kwa furaha yangu sikuliuliza.

"Huyo kijana hajawahi kukuona. Alijuaje ni wewe?"

"Waliita jina."

"Jina gani?"

Simu ikaanza kuita mapajani mwangu. Nikatazama. Nesi Lariba. Hajawahi kunipigia yeye, siku zote mimi ndiye ninayempigia.

"Pokea," akasema Mjomba.

Nilikuwa naona ndizi ya kuchoma, na mkono unaosugua goti kwa mafuta ya shea, na kovu zuri kuliko langu. Mwanamke yule aliingia mle ndani baada yangu akiwa na mikono iliyotoka kushikwa na mimi. Hana mjomba wa kumficha kitu. Alichoambiwa, kaambiwa usoni, peke yake, na kama ni changu basi amekwenda nacho Ejura, analia kilio changu, na mimi nimekuja kupiga kelele za furaha yake kwenye vipaza sauti. Na mtoto wangu anasoma.

Simu iliendelea kuita. Birago alipiga magoti karibu yangu, akanishika mguu.

Waliita jina moja, tukainuka wawili. Aliyetangulia kuingia ni mimi.